Je, Wajua? Kimbunga cha Mafia na Mvua ya Kabanga

Kutoka Kabanga, jirani na mji wa Kasulu, mpaka ufuo wa Bahari ya Hindi ni kilomita zipatazo 1,000 kwa mwendo wa ndege. Kimbunga cha baharini hakifiki huku. Kikishakanyaga nchi kavu hukosa mvuke wa bahari ambao ndio chakula chake, na baada ya siku moja au mbili hubaki mawingu na mvua tu. Kwa hiyo mwanzoni mwa Mei 2024, redio zilipokuwa zikikitaja kimbunga Hidaya asubuhi na jioni, mkulima wa maharage wa Kabanga alikuwa na haki ya kuuliza habari hizo zamhusu nini. Zamhusu, tena sana, ila inabidi ageuze shingo. Kwa watu wa Buha, yaani nchi hii ya Waha, kimbunga cha mashariki hubisha hodi kwenye mlango wa magharibi.

Je, wajua kwamba vimbunga vya upande wetu huzunguka kwa kufuata mishale ya saa?

Vile vya kaskazini mwa ikweta, vya Karibi au Ufilipino, huzunguka kinyume. Chanzo ni kuzunguka kwa dunia yenyewe, ambako hupotosha njia ya upepo: kusini mwa ikweta huusukuma kushoto, kaskazini huusukuma kulia.

Sasa chora duara mchangani, kisha ulizungushe kwa kufuata saa. Upande wa juu wa duara, yaani kaskazini mwa kimbunga, upepo unakwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Kimbunga kikikaa baharini mashariki ya Madagaska, ubavu wake huo wa kaskazini unaweza kuvuta hewa kutoka mbali sana bara: juu ya misitu ya Kongo, kuvuka Ziwa Tanganyika, kupita Kigoma, Kasulu na Kibondo, hadi Ziwa Victoria na nyanda za juu za Kenya. Hewa hiyo imejaa mvuke wa msitu. Jambo la kushangaza ni kwamba upepo wa kawaida wa Afrika Mashariki, ule unaotoka baharini, mara nyingi huleta mvua kidogo kuliko mtu angetarajia kwa upepo uliotoka majini, na upepo wa Kongo unaotoka nchi kavu ndio unaomwaga.

Utafiti ulioongozwa na Declan Finney wa Chuo Kikuu cha Leeds ulichunguza siku za upepo huo wa magharibi na kukuta kwamba huwa na mvua kuliko siku nyingine katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, hasa kuzunguka Ziwa Victoria. Ukakuta pia kwamba siku hizo huongezeka kimbunga kinapokuwa mashariki ya Madagaska. Machi 2018 vimbunga viwili, Dumazile na kisha Eliakim, vilipita upande huo wa kisiwa. Masika ya mwaka huo yalikuwa miongoni mwa masika yenye mvua nyingi kabisa kuwahi kupimwa Kenya.

Mwaka uliofuata mambo yalipinduka. Idai kiliingia katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, yaani magharibi ya Madagaska, kikaupiga mji wa Beira usiku wa Machi 14 kuamkia 15, 2019. Kimbunga kikikaa mahali hapo huvuta mvuke kuelekea kusini na kuwaacha walio kaskazini wakikodolea anga. Wakulima wa Kenya walichelewa kuona mvua mwaka huo, na wataalamu wao wa hali ya hewa walikitaja kimbunga kuwa sababu mojawapo. Upana wa Madagaska ni kilomita mia chache tu. Kimbunga kikiwa upande huu wa kisiwa au upande ule, mahindi ya watu walioko mbali kabisa na bahari yanapata au yanakosa.

Kwa hiyo taarifa ya kimbunga ina neno moja ambalo mtu wa bara anapaswa kulitegea sikio kuliko kasi ya upepo na urefu wa mawimbi: mahali kilipo. Hesabu hiyo haijibu kila mara, kwa sababu Kigoma ina mambo yake mengine ya mvua, lakini ni bora kuliko kuzima redio.

Je, wajua kwamba vimbunga vilivyoifikia au kuikaribia pwani yetu vimejipanga karibu vyote kwenye majira mamoja?

Tazama tarehe. Zanzibar, Aprili 15, 1872. Lindi, Aprili 15, 1952: miaka 80 kamili, siku ile ile. Kenneth, Aprili 25, 2019, kaskazini mwa Msumbiji, jirani na Mtwara. Jobo, Aprili 2021, ambacho kilikufa kikiwa karibu kabisa na pwani ya Tanzania. Hidaya, Mei 4, 2024.

Manahodha wa majahazi wana jina la majira hayo: tanga mbili. Ni wakati kaskazi imechoka na kusi haijashika, na chombo kinaweza kusafiri kwenda upande wowote. Mkanda wa mvua hufuata jua. Januari na Februari huwa kusini, usawa wa Madagaska na Msumbiji, na vimbunga vya miezi hiyo huzaliwa huko. Aprili mkanda unarudi kaskazini na kupita juu ya Tanzania, wakati bahari ya upande wetu bado ina joto la miezi yote ya kaskazi. Kimbunga kinahitaji maji yenye nyuzi joto 26 au 27, tena yawe na joto hilo mpaka kina cha makumi ya mita, maana upepo huyakoroga na kuyapandisha ya chini juu. Kusi ikishika, bahari inapoa na mlango unafungwa. Nafasi ni ya wiki chache. Ndiyo maana Tanzania imeviona vimbunga vichache, huku Madagaska ikivipokea karibu kila mwaka.

Mbali na ufupi wa majira hayo, kuna ngao ya pili, nayo ni ikweta. Ile nguvu ya kupotosha upepo haipo kabisa kwenye mstari wa ikweta, na karibu yake ni dhaifu mno kuzungusha kitu kikubwa. Ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo kutoka hapo. Tanga na Pemba ziko kwenye nyuzi 5 hivi, Mafia karibu na 8, Mtwara zaidi ya 10. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo ngao inavyokuwa nyembamba, na watu wa Lindi na Mtwara wanalijua hilo bila kusomeshwa. Kasulu yenyewe iko nyuzi 4 na nusu.

Je, wajua kwamba Stanley alikuwa njiani kutoka Ujiji wakati Zanzibar inapigwa?

Novemba 1871 Henry Morton Stanley alivuka Malagarasi na kuingia nchi ya Waha akiwa anamtafuta Livingstone. Waha walimtoza hongo kwa kila chifu aliyempitia, naye akalalamika kurasa nzima, mpaka akaamua kutoroka usiku kwa njia za porini asilipe tena. Alivuka Ruchugi, akafika Ujiji. Mwaka uliofuata, Machi 14, aliagana na Livingstone Unyanyembe, akashika njia ya kurudi pwani katikati ya masika. Alilikuta bonde la Makata limegeuka ziwa, na mji wa Simbamwene, ilipo Morogoro ya leo, sehemu ya ukuta wake ikiwa imesombwa na mto. Alipoingia Bagamoyo, Mei 6, Zanzibar aliyoiacha haikuwepo tena.

Kimbunga kilikuwa kimeipitia Unguja Aprili 15. Merikebu za Sultani Barghash ziliangamizwa bandarini karibu zote, majahazi yakatupwa ufukoni, na takribani theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ikang'olewa. Pemba iliguswa kidogo tu. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, kwa hiyo wenye mashamba wa Unguja walikaa muda mrefu bila kitu huku bei ikipanda, na waliofaidi bei hiyo walikuwa wa Pemba. Uongozi wa Pemba katika karafuu ulianzia hapo, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar hutoka kisiwa hicho. Kijana wa Wete anayepanda mkarafuu wa babu yake anavuna, kwa namna fulani, upepo wa mwaka 1872.

Siasa nazo zilitikisika. Januari 1873 Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kumtaka Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Sultani alikataa, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba kimbunga kimekwisha kuwafilisi watu wake. Waingereza walimtishia kwa manowari. Juni 5, 1873 alitia saini, na soko la Mkunazini likafungwa. Misafara ya pembe na watu kati ya Ujiji na pwani iliendelea kwa siri na kwa dhahiri kwa miaka mingine, lakini aliyeiamrisha kutoka kisiwani alikuwa mtu aliyepoteza meli zake kwa siku moja.

Kile cha Lindi, 1952, kimesahauliwa zaidi kuliko kinavyostahili. Kiliua watu zaidi ya 30 katika mkoa ambao mwaka mmoja tu nyuma ulishuhudia serikali ya Uingereza ikiutupa mradi wake wa karanga wa Nachingwea. Wazee wa Lindi walikuwa wakihesabia umri wa watoto kwa matukio kama hayo, nasi tuliokuja baadaye tulipewa kalenda, tukaacha kuuliza.

Hidaya mwenyewe alikuwa nani?

Jina lake lilikuwa la nane kwenye orodha ya msimu wake. Majina ya vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hupendekezwa na nchi za eneo hili, Tanzania ikiwemo, na hupangwa kwa alfabeti: Alvaro, Belal, Candice, Djoungou, Eleanor, Filipo, Gamane, Hidaya, kisha Ialy. Kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwa cha Réunion ndicho kinachofuatilia eneo zima, lakini kutoa jina ni kazi ya Madagaska na Morisi, kila mmoja na upande wake wa bahari.

Kilizaliwa kaskazini mashariki mwa Komoro siku za mwisho za Aprili, kikapata nguvu kwa haraka, na Mei 3 upepo wake ulikadiriwa kuzidi kilomita 130 kwa saa. Kwa maji yaliyo karibu hivyo na Tanzania hilo ni jambo la ajabu. Kilikuta nchi imelowa tayari. Wiki moja kabla, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba mafuriko ya msimu huo yameua watu 155. Vivuko vya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimama. Kenya, ambayo nayo ilikuwa ikizika watu wa mafuriko, iliahirisha kufungua shule. Mei 4 kimbunga kiliingia Mafia kikiwa kimechoka, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu.

Basi watu wa Dar es Salaam wakaanza mizaha mitandaoni, kama walivyofanya kwa Jobo. Wenzao wa Kilwa hawakucheka. Mvua ya Hidaya ilikata barabara ya Kusini sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa huku mabasi na malori yakilala kwenye foleni. Siku zote upepo ndio unaopata picha gazetini. Ila hapa kwetu kazi ya uharibifu hufanywa na maji.

Kabla mwezi haujaisha Ialy kikaja, kikapanda kaskazini mpaka usawa wa bahari ya Kenya, karibu na ikweta kuliko vimbunga vingi vinavyothubutu.

Je, Ziwa Tanganyika linaweza kuzaa kimbunga?

Haliwezi. Joto la maji ya juu linatosha, au linakaribia kutosha. Kina ndiyo usiseme: mita 1,470, la pili duniani. Lakini upana wake ni kilomita 50 kwa wastani, na kimbunga kinataka uwanja wa mamia ya kilomita, mbali na ikweta. Mwaka 1996, mwezi Septemba, Ziwa Huron la Amerika Kaskazini lilitoa dhoruba iliyozunguka mpaka ikawa na jicho katikati, na wataalamu wakabishana iitwe nini. Hiyo ni kama ajali, na Huron ni pana kuliko Tanganyika mara kadhaa.

Tanganyika lina vituko vyake. Usiku hewa baridi ya milimani hushuka kutoka pande zote mbili, ya Kigoma na ya Kongo, zikakutana juu ya maji yenye joto na kupanda kwa pamoja. Ndiyo maana radi nyingi za ziwani hupiga usiku, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Ukanda wote huu ni nchi ya radi. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliweka Kabare, Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani: radi 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Iliyoipita ni Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Basi mtu wa Kibondo akisema radi za kwao si mchezo, asibishiwe.

Je, wajua kwamba kimbunga kilichodumu kuliko vyote kiliua watu wengi zaidi katika nchi isiyo na bahari?

Freddy kilipewa jina Februari 6, 2023, karibu na Australia. Kilivuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska, kikapiga Msumbiji, kikarudi baharini kujaza tena mvuke, kikaipiga Msumbiji mara ya pili, na kuishia Machi 14. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba hakuna kingine kilichowahi kuishi muda mrefu hivyo. Walioumia zaidi walikuwa Wamalawi, milimani Blantyre, ambako udongo wa miteremko uliporomoka usiku juu ya nyumba. Upepo wa Freddy ulikuwa umekwisha kupungua wakati huo.

Naitaja Blantyre kwa sababu sura ya nchi yake inafanana na Kasulu: vilima, mashamba yaliyopanda mpaka kileleni, miti iliyokatwa kwa kuni na mkaa, nyumba za tofali mbichi. Mvua ya siku tatu mfululizo haijali kama imeletwa na kimbunga au na upepo wa Kongo. Na wapo wanaokaa chini ya vifuniko vyepesi kuliko hivyo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika. Aliyeezeka kwa turubai hasubiri upepo wa kilomita 130 kwa saa ndipo aione dhoruba.

Je, wajua maji ya mvua ya Kabanga huishia bahari gani?

Mtu atasema Bahari ya Hindi, kwa kuwa hii ni Tanzania. Yanakwenda Atlantiki. Vijito vya Kasulu huingia Ruchugi, Ruchugi hupita Uvinza penye chumvi na kujiunga na Malagarasi, Malagarasi humwaga Tanganyika, na ziwa hutoa ziada yake kwa mto Lukuga, unaoingia mto Kongo. Lukuga wenyewe una kigeugeu. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mchanga na majani, wala hautoi maji. Ziwa likazidi kupanda, na miaka michache baadaye likabomoa kizuizi hicho na kutiririka. Katika miaka ya karibuni limepanda tena, likaingia kwenye nyumba za ufukweni Bujumbura na Kigoma.

Kwa hiyo mvuke unaotoka msitu wa Kongo huanguka Buha, kisha hurudi Kongo kwa miguu. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huharakisha tu sehemu ya kwanza ya safari.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo iliachwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na ikabidi kuanza upya mwaka uliofuata kama idara ya serikali, ilianza kujenga rada zake mashariki na kaskazini: Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara. Kigoma ilikuja baadaye. Faida ya rada ya Kigoma ni kwamba inaona mawingu yakiwa bado ng'ambo ya ziwa, upande ambao mvua kubwa za Kasulu hutokea. Taarifa za vimbunga zenyewe bado huandikwa kwa ajili ya mvuvi wa Mafia na nahodha wa Mtwara, na ni haki yao. Msimu huhesabiwa kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, lakini kwa Tanzania miezi ya kuangalia ni Machi, Aprili na Mei. Kwa Kasulu, hiyo ni miezi ya maharage ya msimu wa pili.